Mama Yake Mwalimu na Honi Zangu

Nyie mnaokodisha mziki siku hizi pale Tunduma, mnaopanga maspika marefu kama makabati na kompyuta pembeni, naomba mnisikilize kidogo. Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, na ninachokijua nimekijua kwa kushika waya. Mwezi uliopita tumemzika Mwalimu Yona Sinyinza kule Msangano. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Kwa hiyo nitawaandikia habari za kazi, na yeye mtamkuta humo humo, maana siku niliyoielewa kazi hii sawasawa ni siku niliyomfungia honi yeye.

Honi ndizo zile mnazoziona juu ya makanisa na misikiti ya zamani, mdomo umefunguka kama ua la boga. Nilianza nazo mbili. Amplifaya ilitoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa fundi mmoja Mzambia tuliyemwita ba Mwansa, yaani Bwana Mwansa. Miaka hiyo ndiyo kwanza maduka yetu yalikuwa yanaanza kuwa na vitu tena, na mtu mwenye honi zake binafsi, zisizo za chama wala za kanisa, alitazamwa kama ana kiwanda. Siku ba Mwansa aliponiwekea maiki mdomoni nikasema "alo", sauti yangu ikatoka juu ya paa upande wa pili wa barabara, nilishtuka nikaidondosha. Nilidhani kuna mtu kule juu anayenifahamu.

Ba Mwansa alikuwa mtu wa utani. Kila akinikuta nimesimama mbele ya jukwaa, namtazama msemaji, alinijia na salamu yake ya Kibemba. "Mulishani, fundi wa midomo. Unamwangalia hivyo unataka kumbusu?" Kisha alinivuta mkono hadi nyuma. "Wa mbele watasikia hata ukizima mashine. Mtafute mtu wa mwisho kabisa. Kaa karibu naye. Akigeuza shingo kumuuliza jirani yake, ujue hujafanya kazi."

Hilo ndilo somo la kwanza na ndilo kubwa. Mengine ni madogo madogo. Upepo wa Tunduma ukiingia kwenye maiki unanguruma kama lori la mizigo, kwa hiyo chukueni soksi ya mtoto muivishe maiki. Betri la lori linalowapa umeme msiliweke chini kwenye unyevu. Na honi msizielekeze kwenye ukuta wa bati. Niliwahi kufanya hivyo karibu na ghala la mahindi, mgombea mmoja akawa anahutubia na ghala linamjibu maneno yake mwenyewe. Alivumilia, akavumilia, mwishoni akanyoosha kidole kwenye umati. "Wewe unayenirudia nyuma nyuma, jitokeze kama ni mwanaume." Ghala nalo likamwambia ajitokeze kama ni mwanaume. Watu walilala chini kwa kucheka, na mimi niliingia chini ya pikapu kujifanya natengeneza waya.

Somo jingine la ba Mwansa lilikuwa la misibani. Aliniambia mtu akishika maiki msibani usimzimie, hata akisema vibaya, hata akinyamaza. Mwache mpaka aiachie mwenyewe.

Sasa niwaambie Mwalimu alivyokuja.

Vyama vingi vilikuwa vimeshaanza na sisi tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Alinikuta kwenye kibanda changu mtaa wa Chapwa nachomelea waya. Mtu mrefu, mvi kidogo, koti zito ambalo hata kwa baridi yetu lilikuwa limezidi. Akasema anataka honi kwa kampeni nzima, anagombea ubunge kwa chama cha upinzani. Nikamuuliza kazi yake ni nini.

"Nimesomea falsafa."

"Ndiyo kazi gani hiyo?"

"Ni kuuliza maswali mpaka watu wakuchoke."

"Na wanakulipa?"

"Walinilipa mpaka walipochoka."

Nikampenda hapo hapo.

Alizaliwa Msangano, mwana wa Wanyamwanga kama mimi. Alipokuwa mdogo sana, baba yake alifariki, na mjomba wake aliyekuwa polisi akamchukua kwenda naye Tanga. Kutoka hapo ni shule, shule, shule, mpaka serikali ikampeleka kusoma Belarusi, wakati ule ikiwa ndani ya Urusi kubwa ya wakomunisti. Alikaa miaka mingi katika mji wao mkubwa, Minsk. Aliporudi alifundisha chuoni, akagombana na wakubwa, akaacha, akarudi nyumbani kwa mama yake na lile koti.

Kampeni zake zilikuwa za ajabu. Wenzake walisema barabara, zahanati, mbolea. Yeye alisema nyimbo. Alisema majina ya vilima, majina ya mbegu za ulezi, jinsi wazee walivyomuaga maiti, jinsi mtoto alivyopewa jina. Alisema watu wanaoona haya ya lugha ya mama zao wataonewa na yeyote atakayekuja na lugha nyingine. Hakukitukana Kiswahili hata siku moja. Alisema Kiswahili ni sebule ya nyumba yetu wote, lakini mtu hawezi kuishi sebuleni tu, lazima kuwe na jiko.

Vijana walimzomea. "Mwalimu, tunaomba mbolea, wewe unatupa ngoma!"

"Mbolea mtapewa na yule mwingine," aliwajibu. "Kila uchaguzi anawapa. Imefika?"

Walicheka, lakini kura hawakumpa. Niseme ukweli, hakushinda hata mara moja. Na mimi mwenyewe mwaka ule wa kwanza sikumpigia. Nilihitaji mbolea.

Siku ya mkutano wake wa kwanza Msangano nilifunga honi vizuri kuliko siku zote. Hali ya hewa ilikuwa tulivu, sauti inakwenda kama maji. Nikafanya nilivyofundishwa, nikaenda nyuma kabisa kumtafuta mtu wa mwisho. Nilimkuta bibi kizee amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kitenge amejifunga kichwani, anamtazama msemaji kama mtu anayetazama moto. Pembeni yake alikaa bibi mwingine aliyefanana naye, ila mdogo kidogo. Nikachuchumaa, nikamuuliza kwa Kinyamwanga, "Bibi, unasikia vizuri?"

"Nasikia sana," akasema. "Kila neno nalisikia."

Nikafurahi, nikataka kuondoka. Akanishika suruali.

"Anasema nini?"

Nikadhani anatania. Yule bibi mdogo akaniambia, "Huyu ndiye mama yake. Kiswahili hatujui, mwanangu. Ni cha kununulia chumvi tu."

Vijana, nimefanya kazi na honi maisha yangu yote, nimepigwa shoti ya umeme mara kadhaa, lakini hakuna kilichonipiga kama lile swali. Pale mbele mtu anawafundisha watu kupenda lugha ya mama zao, kwa Kiswahili kizuri kuliko cha redioni, na mama yake mwenyewe yuko nyuma kabisa haambulii kitu.

Nikaanza kumfasiria. Alinisikiliza kidogo kwa adabu, halafu akaniinulia mkono. "Asante baba. Hayo unayoniambia ni yako. Mimi nataka ya Yona. Tangu amerudi tunasalimiana, nampa chakula, anakula, anatabasamu. Sijui anafikiri nini. Nataka nimsikie mara moja kabla sijafa."

Tulipokuwa tunarudi Tunduma kwa pikapu yangu nikamweleza Mwalimu. Sikupamba, nilimwambia kama ilivyokuwa. Gari lilikuwa linapanda milima kutoka bonde la Momba, na yeye ameshika mpini wa mlango kama anataka kushuka.

"Fundi, sikijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Kinyamwanga. Niliondoka hapa meno ya utoto hayajang'oka. Nina maneno ya mtoto. Maji, njaa, njoo. Basi."

Nilikanyaga breki bila kukusudia. Mbuzi wa abiria mmoja aliyekuwa nyuma akalia.

"Mwalimu, watu wote wanajua unakijua."

"Wanadhani. Hakuna aliyeniuliza. Wakinisalimia nawajibu salamu, halafu nahamia Kiswahili, wanaona ni usomi."

Ndipo akanisimulia habari za profesa wake wa Minsk. Alikuwa Mbelarusi, mwanafalsafa mwenye jina, kitabu chake kipo kila maktaba, na kwa miaka yote alifundisha kwa Kirusi kwa sababu ndiyo lugha ya wakubwa. Asubuhi moja akaingia darasani akaanza kufundisha kwa Kibelarusi, lugha ya watu wa mashambani. Wanafunzi wakacheka. "Na waliocheka, Fundi, hawakuwa sisi wageni. Walikuwa Wabelarusi wenyewe." Wakubwa wakamwondoa kazini. Akaanza kusimama kwenye viwanja vya mji na wapinzani, anadai shule za lugha yao, nyimbo zao, majina ya vijiji vyao yaandikwe yalivyokuwa. Mwalimu alikwenda kumsikiliza kwenye theluji, akiwa na lile koti. Akamuuliza kwa nini amejiharibia maisha uzeeni.

"Akasema nini?"

"Akasema mama yake alikufa bila kujua mwanawe alikuwa anafundisha nini."

Tulipofika Tunduma, kabla hajashuka, akasema, "Mkutano wa kufunga kampeni utakuwa Msangano. Siku hiyo nitaongea na mama yangu, jukwaani, kwa lugha yake. Wewe utanifundisha."

Katibu wa chama chao aliposikia alishika kichwa. Alikuwa kijana mwembamba, mwoga kwa haki, maana kampeni zilitakiwa ziendeshwe kwa Kiswahili. "Mwalimu, watasema ukabila. Watakuwekea pingamizi. Utaenguliwa na chama kitakufa huku kwetu."

"Mtu kumsalimia mama yake ni ukabila?"

"Ukiwa na maiki mkononi, ndiyo."

Tukaanza masomo kwenye pikapu. Kila safari alinipa sentensi ya Kiswahili, mimi naigeuza, yeye anairudia. Nisiwadanganye, alikuwa mwanafunzi mgumu. Alijua lugha za Wazungu huko, lakini Kinyamwanga alikitamka kama mtu anayesoma matangazo ya vifo. Abiria waliokuwa nyuma walikuwa wanapiga mbao za gari kwa kicheko. "Mzungu wa Msangano!" walimwita. Yeye alitoa kichwa dirishani akawaambia wamsahihishe, nao wakamsahihisha, kila mmoja kwa namna yake, hata wale Wandali wa Ileje, wenye lugha yao, waliokuwa hawahusiki kabisa.

Polepole alianza kushika. Aliweza kusema, ndugu zangu, nimekuja mbele yenu. Aliweza kusema, asili yetu isipotee. Sentensi nzuri, zimesimama vizuri, zote za jukwaani.

Siku chache kabla ya ule mkutano nilikuwa juu ya nguzo katika kijiji cha jirani nafunga honi, nikamwona katibu anakuja anakimbia, kofia mkononi. Nikajua. Alipofika chini ya nguzo hakumwendea Mwalimu, aliniita mimi nishuke, kwa sababu aliogopa. Mama yake Mwalimu alikuwa amelala mchana kupumzika, hakuamka.

Nilimwambia mimi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye betri la lori anarudia sentensi zake kwa sauti ya chini. Akanisikiliza, kisha akaendelea kusogeza midomo kama vile zile sentensi zinajisema zenyewe.

Msibani walikuja watu wengi mno. Wapo waliokuja kumzika bibi na wapo waliokuja kumwona mgombea. Ndugu wakaniomba nifunge honi. Nikafunga juu ya kihenge, nikaweka maiki mlangoni, kwa sababu ya desturi ya ukoo wao, na ni lazima muielewe hiyo.

Kwa ukoo wao, kabla mwili haujatoka ndani, mtoto anakaa kwenye kizingiti, anamgeukia mzazi aliyelala, anaongea naye. Hahubiri wala haombi. Anaongea naye kama walivyokuwa wakiongea jikoni, kwa mara ya mwisho, kwa lugha ya nyumbani, maana wazee waliotangulia wanaompokea huko hawajui nyingine. Na hakuna anayeruhusiwa kumsaidia neno. Akikwama, anakwama mwenyewe.

Desturi ya pili ni yetu wote pale, kwamba chakula hakiliwi kabla ya kuzika. Moto wa jiko unazimwa. Tulikuwa hatujala tangu jana yake, na tumbo langu lilikuwa linanguruma mpaka nikaogopa maiki italinasa.

Mwalimu akaja akakaa kizingitini bila koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Umati ukanyamaza, mpaka watoto. Watu walijisogeza mbele, wakingoja hotuba ambayo itasimuliwa. Katibu alikuwa karibu yangu, na nilimsikia akisema chini chini, "Sema yale ya asili, Mwalimu. Yale ya asili."

Mwalimu akafungua mdomo, akafunga. Akafungua tena. Nilizijua sentensi zote alizokuwa nazo, na nilijua hakuna hata moja ambayo mtu anaweza kumwambia mama yake. Utamwambiaje mama yako, ndugu zangu nimekuja mbele yenu?

Ukimya ulikuwa mrefu hata honi zikaanza kuvuma. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Nikamkumbuka ba Mwansa, nikautoa.

Kisha akasema. Kwa Kinyamwanga.

"Mama."

Sauti ilitoka juu ya kihenge, ikaenda mpaka mashambani.

"Mama. Nimekuja."

Halafu, "Mama, maji."

Halafu, "Mama, giza. Nibebe."

Hakusema kwa matamshi yale ya kwenye pikapu. Alisema kama sisi tulivyosema tulipokuwa watoto, kwa mkato ule ule, na mvuto ule ule wa mwisho wa neno. Mtu mzima mwenye mvi, aliyesomea falsafa kwa Warusi, anaongea kwa honi mbili kama mtoto wa miaka mitano. Ndiyo maneno aliyokuwa nayo. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki siku aliyopandishwa basi na mjomba wake, na yalikuwa yamekaa humo muda wote hayajaguswa.

Hakuna aliyelia. Natamani wangelia. Watu walisimama midomo wazi. Mzee mmoja wa ukoo alikuwa ameshika jembe, likamponyoka mkononi na hakuliokota. Katibu alijifunika uso kwa kofia.

"Mama," ikasema honi. "Njaa. Nina njaa."

Hakuwa na neno jingine.

Mimi nilifanya kitu pekee ninachokijua. Nikaacha mashine, nikazunguka umati, nikaenda nyuma kabisa kumtafuta mtu wa mwisho. Alikuwa yule bibi mdogo, mdogo wake marehemu, ambaye kwa desturi zetu naye ni mama yake Mwalimu. Alikuwa amechelewa, ametembea kwa miguu kutoka ng'ambo ya bonde, amekaa peke yake nyuma ya watu wote na vumbi lake. Sikuhitaji kumuuliza kama anasikia. Alikuwa ameinua shingo kama mama anayesikia mtoto wake analia kwa jirani.

Akamjibu. Hakupaza sauti. Wa mbele hawakusikia, na maiki haikumnasa, ila umati ulikuwa kimya kiasi kwamba maneno yalipita.

"Njoo, mwanangu. Chakula kipo. Njoo ule."

Mwalimu akageuka. Akainuka pale kizingitini, akaiacha maiki chini, akatembea katikati ya watu. Walimpisha bila kuambiwa. Akampita mzee wa ukoo, akampita katibu, akaja mpaka kwenye mkeka, akakaa chini mbele ya mama yake mdogo kama anavyokaa mtoto. Yule bibi akafungua pindo la kitenge chake. Alikuwa amefunga kipande cha ugali wa ulezi cha njiani, kimepoa, kimekauka pembeni. Akakimega, akampa mkononi.

Mwili ulikuwa bado ndani. Kwetu chakula hakiliwi. Sikuwahi kuona kinaliwa kabla ya siku ile, wala sijaona tena. Nikamtazama mzee wa ukoo, kwa sababu yeye ndiye wa kukataza. Alitazama chini, kwenye jembe lake.

Mwalimu akala. Alikula polepole, na mama yake mdogo anamtazama, na kule mlangoni maiki imelala peke yake, na honi zangu zinavuma tupu juu ya kihenge.